Chumvi Niliyomwagizia Mama

Kwa miaka kumi na minne nimefundisha kemia katika shule ya sekondari mjini Tanga, na kila mwaka wanafunzi wa kidato cha tatu huisubiri kwa hamu siku ninayokitoa kabatini kichupa cha potasiamu. Hukata kipande kidogo kuliko punje ya kunde, nikakifuta mafuta ya taa ambamo huhifadhiwa, kisha nikakidondosha katika beseni la maji. Kipande hukimbia huku na huku juu ya maji, kikivuma na kuwaka mwali wa zambarau iliyopauka, hadi kiishe kwa mlio mdogo unaowafanya walioketi mbele waruke. Ninaijua namba yake ya atomi, 19, na mpangilio wa elektroni zake, 2, 8, 8, 1. Nilidhani ninaijua potasiamu. Kisha, mwaka juzi, nilikaribia kumuua mama yangu mzazi kwa elementi hiyohiyo, na nilifanya hivyo nikiwa nimesoma lebo vizuri kabisa.

Mama alikuwa na miaka 68 na alikuwa ameishi na ugonjwa wa sukari kwa zaidi ya miaka kumi, pamoja na presha. Katika kliniki ya mwezi wa tatu daktari alitazama majibu ya damu, akasema figo zimeanza kuchoka, akambadilishia dawa ya presha na kumpa losartani, akatuagiza tupunguze chumvi na turudi baada ya wiki mbili kupima damu tena. Nilisikia neno moja tu katika maelezo hayo, nalo ni chumvi. Sikuuliza figo zimechoka kwa kiasi gani, wala kwa nini dawa ya presha imfanye mtu arudi kupimwa damu haraka namna hiyo. Wiki mbili zilipotimia nilikuwa nasahihisha mitihani ya muhula, na kipimo kile kiligharimu shilingi 25,000, basi nikajiambia kwamba tutakwenda mwisho wa mwezi. Leo ningelipa mara kumi ya hizo.

Mama ni mtu wa pwani na hawezi kula mchuzi usiokolea. Wiki ya kwanza alisukuma sahani na kusema, "Mwanangu, chakula hiki ni cha mgonjwa aliyekwisha kukatiwa tamaa." Dada yangu anaishi Muscat, na tulipozungumza kwa simu alinieleza kwamba huko madukani kuna chumvi maalumu ya watu wa presha. Nilimwomba atuletee. Alipokuja likizo alileta makopo mawili pamoja na pakiti tatu za tende, nami nikaligeuza kopo na kusoma viambato: kloridi ya potasiamu, na sodiamu sifuri. Nilifurahi kama mwalimu anayefurahia jibu sahihi. Sodiamu ndiyo inayopandisha presha, chumvi hii haina sodiamu, kwa hiyo chumvi hii ni salama. Hoja ilisimama imara kwa miguu miwili, na mguu wa tatu, ambao ni figo, sikuukumbuka.

Juu ya hapo niliongeza mambo mengine mazuri. Kila asubuhi nilimnunulia dafu moja kwa muuza madafu wa njia panda, kwa kuwa kila mtu anajua dafu husafisha figo. Jioni alikula ndizi mbivu mbili na tende chache. Mke wangu alipika mchicha karibu kila siku. Mama naye, bila kutuambia, alikuwa akinunua vidonge vya diklofenaki katika duka la dawa la mtaani kwa ajili ya magoti, viwili au vitatu kwa siku, na dawa hizo huzibana figo na kuzizuia kutoa potasiamu. Ukiniuliza leo kosa lilikuwa lipi, nitashindwa kukuonyesha moja, kwa sababu losartani, ambayo nayo huzifanya figo zibakize potasiamu, peke yake ingevumilika, dafu peke yake lingevumilika, na hata vidonge vya magoti pengine vingepita.

Wiki ya tatu alianza kulalamika kwamba miguu ni mizito. Alishindwa kupanda ngazi mbili za baraza. Hapa nilifanya kosa ambalo mpaka sasa linanichoma: niliwahi kusoma kwamba misuli hulegea mtu anapopungukiwa na potasiamu, nikaamua kwamba mama amepungukiwa, nikamwongezea ndizi. Sikujua kwamba potasiamu ikizidi nayo huilegeza misuli vilevile, na kwamba mtu hawezi kutofautisha hali hizo mbili kwa kumtazama mgonjwa au kwa kumuuliza anavyojisikia. Wapo wengine ambao hawahisi chochote mpaka moyo unapogoma. Ni damu tu inayosema, na damu hatukuwa tumeipima.

Usiku wa Alhamisi, yapata saa nne, mama aliniita na kusema moyo unampiga halafu unasimama kidogo kama mtu anayesahau alichotaka kusema. Tulimpakia katika bajaji. Hospitalini muuguzi alimtazama mara moja tu, akamvuta ndani na kumbandika kifuani nyaya za ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kabla hata sijaandikisha jina. Karatasi ilipotoka alimwita daktari, na daktari alipoiona aliniuliza swali moja: "Mama anakula nini nyumbani?" Nilimtajia orodha yangu, na nakiri kwamba nilimtajia kwa fahari kidogo. Nilipofika kwenye chumvi ya Muscat aliinua kichwa. "Mwalimu, ina nini ndani?" Nilifungua kinywa kujibu, na neno lilikwama kooni.

Aliniwekea karatasi mbele. Mawimbi ambayo kwa kawaida ni vilima vidogo vya mviringo yalikuwa yamechongoka kama mahema. Majibu ya maabara yalikuja baadaye yakionyesha potasiamu ya milimoli 7.4 kwa lita (milimoli ni sehemu ya elfu ya moli, kipimo cha kemia cha kuhesabia chembe), wakati kiwango cha kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0. Kwa mgonjwa wa figo hata 6.0 huwafanya wauguzi waharakishe hatua. Daktari hakuyasubiri majibu hayo. Aliniambia baadaye kwamba karatasi ya moyo ikishabadilika, anayesubiri maabara huenda akapokea majibu ya marehemu.

Nataka nieleze kilichofanyika usiku ule kwa utaratibu, kwa sababu nilikizuia kwa maswali ya kijinga, na kwa kuwa ndugu wengi wa wagonjwa hukizuia vivyo hivyo. Kwanza walimchoma polepole kwenye mshipa dawa ya kalisi, glukonati ya kalisi. Dawa hiyo haiondoi potasiamu hata chembe. Inaulinda moyo usivurugwe, inafanya kazi ndani ya dakika chache, na nguvu yake huisha baada ya nusu saa au saa moja. Kisha wakaleta insulini uniti 10 pamoja na sukari ya kwenye mshipa. Hapo nilisimama na kupaza sauti: mama ana ugonjwa wa sukari, mnampaje sukari? Muuguzi, mama wa makamo mwenye subira kubwa, aliniambia, "Mwalimu, keti. Insulini inaisukuma potasiamu irudi ndani ya seli, na sukari ni ya kumlinda asiporomoke." Wakamvutisha pia mvuke wa salbutamoli, dawa ileile ya watu wa pumu, ambayo nayo huisukuma potasiamu ndani ya seli. Kila saa walimtoboa kidole, na saa tisa usiku sukari yake ilishuka kweli, wakamwongezea. Dawa hizo zote, alinieleza muuguzi, ni za kununua muda. Potasiamu inakuwa imefichwa tu, haijatoka mwilini, na baada ya saa nne hadi sita huanza kurudi. Kuitoa kunahitaji figo zinazofanya kazi, au dawa za kuifunga tumboni, au mashine ya kuchuja damu.

Nilipokuwa nimeketi kwenye benchi la korido nilianza kufanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya siku lile kopo lilipofika. Moli moja ya kloridi ya potasiamu ina uzito wa gramu 74.5. Kijiko cha chai kilichojaa huchukua gramu sita hivi, yaani takribani milimoli 80. Mama alikuwa akijinyunyizia kama nusu kijiko kwa siku, kwa hiyo milimoli 40. Dafu, kwa kadiri ya glasi moja, milimoli 15. Ndizi mbili, zaidi ya 20. Sasa linganisha: katika mwili wa mtu mzima potasiamu yote iliyo nje ya seli, katika damu na majimaji mengine, haizidi sana milimoli 60. Iliyobaki, asilimia 98 hivi, imefungiwa ndani ya seli, ambako ukolezi wake hukaribia milimoli 140 au 150 kwa lita dhidi ya 4 za nje. Tofauti hiyo hudumishwa na pampu zilizo katika utando wa kila seli, ambazo hutoa ioni (chembe zenye chaji ya umeme) tatu za sodiamu na kuingiza mbili za potasiamu, usiku na mchana. Mdenmaki Jens Christian Skou aliieleza kazi hiyo mwaka 1957 na akapewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997. Nimewahi kuifundisha kwa dakika tano, kati ya mada mbili. Umeme wa moyo unategemea tofauti hiyo ya nje na ndani, ndiyo maana milimoli chache tu zikizidi upande wa nje hutosha kuuvuruga, ilhali zile maelfu za ndani hazimdhuru mtu.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini potasiamu ya ndizi haituwakii tumboni. Lilikuwa swali zuri kuliko nilivyolijibu. Potasiamu ya beseni ni metali, bado ina elektroni yake moja ya nje na inatafuta pa kuitupa. Ya kwenye ndizi, ya kwenye mfuko wa mbolea ya NPK na ya kwenye kopo la mama ilikwisha kuitupa zamani, ni ioni tulivu. Nilimwambia kwamba kwa hiyo haina hatari. Ningepaswa kuishia kwenye neno "haiwaki".

Mama alichujwa damu mara mbili, kupitia mpira waliouingiza kwenye mshipa wa shingo. Bima ililipia sehemu. Mpira, baadhi ya dawa na vipimo vya kurudiarudia tulilipa wenyewe, na hadi tunatoka, siku ya tisa, nilikuwa nimetumia zaidi ya shilingi milioni moja na laki mbili, nyingi zikiwa mkopo wa saccos ya walimu ambao niliumaliza mwezi uliopita. Figo zilirudi kiasi cha kutosha kuachana na mashine. Si wote tuliowaacha mle wodini waliobahatika hivyo, na wale wanaochujwa mara mbili au tatu kwa wiki walinifundisha mengi kuliko kitabu chochote. Walinieleza kwamba siku mbaya kwao ni ile inayofuata mapumziko marefu ya mwisho wa wiki, kwamba mwenye kuruka zamu moja kwa sababu ya harusi hujuta, na kwamba kwenye harusi yenyewe adui si nyama bali ni sahani ya matunda na juisi.

Mmoja wao, mzee aliyekulia upande wa Kakamega, alituchekesha kwa kusimulia jinsi alivyoacha chumvi ya dukani akarudia munyu wa bibi yake: maganda ya ndizi au ya maharage hukaushwa, huchomwa, majivu hutiwa katika chombo chenye matundu, maji hupitishwa juu yake, na yale yanayochuruzika ndiyo hulainishia mboga. Alidhani cha asili hakiwezi kumdhuru. Lakini maji yale yamejaa kabonati ya potasiamu, na jina lenyewe la elementi hii limetokana na kazi hiyohiyo ya jikoni. Wazungu walichemsha majivu katika vyungu wakapata potashi, majivu ya chungu. Na alama yake K hutoka katika neno kaliumu, ambalo mzizi wake ni al-qali, majivu ya mimea kwa Kiarabu. Humphry Davy alipoipata metali yenyewe huko London mwaka 1807, kwa kupitisha umeme katika potashi kali iliyoyeyuka, alikuwa akichimba katika majivu ya jikoni. Mzee yule alisikiliza, kisha akasema, "Basi bibi alikuwa mkemia, na mimi ndiye mbumbumbu." Nilimwambia tuko wawili.

Nyumbani tulilazimika kujifunza kupika upya. Potasiamu huyeyuka kwa urahisi katika maji, kwa hiyo maji ndiyo silaha. Viazi, muhogo na ndizi za kupika mke wangu humenya, hukata vipande vidogo, huchemsha katika maji mengi, humwaga maji hayo, hutia mengine na kumalizia kupika. Njia hiyo huondoa takribani nusu ya potasiamu na wakati mwingine zaidi, ilhali kuloweka peke yake hakusaidii sana. Mchicha nao huchemshwa na maji yake hutupwa, jambo lililomuuma mama mkwe wangu aliyetutembelea, kwa kuwa alifundishwa kwamba vitamini zote zimo humo. Baadhi zimo kweli, na potasiamu pia imo, kwa hiyo supu na mchuzi wa mboga humezwa kidogo sana. Nyanya ya kopo tumeipunguza, kwa sababu ni nyanya nyingi zilizokaushwa zikawa kijiko kimoja. Wali, sima na chapati havina shida kubwa. Ladha tunaitafuta kwa ndimu kidogo, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na bizari, na chumvi ya kawaida tunaitia kwa kupima, kidogo. Sukari ya mama ikishuka tunampa maji yenye sukari, wala si juisi ya machungwa kama zamani.

Si kila mgonjwa apike hivyo. Mwenye figo nzima na presha huambiwa ale matunda na mboga kwa wingi, na ni ushauri sahihi. Jirani yangu alipousikia mkasa wetu aliacha ndizi na maparachichi ingawa figo zake ni nzima, ikabidi nimkimbize kwa daktari amweleze mwenyewe. Kabla ya kubadilisha chochote mtu aulize mambo mawili: kreatinini yake (taka ya damu inayoonyesha figo zinachuja kiasi gani) ni ngapi na potasiamu yake ni ngapi, na aandike tarehe. Mimi nina daftari la kurasa mia moja ambalo sasa limefika katikati.

Daftari hilo lilituokoa mara mbili kwa namna nisiyoitarajia. Mwezi wa tisa majibu yalitoka 6.3, nikatetemeka, ingawa mama alikuwa anatembea na kula vizuri na kipimo cha wiki iliyotangulia kilikuwa 4.7. ECG ilikuwa ya kawaida. Daktari aliomba damu ichukuliwe upya, ikaja 4.8. Mtaalamu wa maabara alinieleza kwamba chembe nyekundu zikipasuka, kwa sababu damu imevutwa kwa nguvu au imekaa muda mrefu kabla ya kupimwa, potasiamu ya ndani humwagika na majibu hudanganya. Vilevile mkono ukifungwa sana na mgonjwa akaambiwa akunje na kukunjua ngumi. Kisha akaniambia jambo lililonipendeza kama mkemia: kile kichupa cha kifuniko cha zambarau kina chumvi ya potasiamu ya EDTA ili damu isigande, na mtu akimimina damu kutoka humo kwenda katika kichupa kingine amekwisha kumwongezea mgonjwa potasiamu ambayo hakuwahi kuila. Lakini hiyo isiwe sababu ya kuyapuuza majibu makubwa. Yarudiwe siku ileile, na moyo upimwe wakati wa kusubiri.

Mara ya pili ilikuwa kinyume. Mama aliharisha siku nne huku akiendelea na dawa ya kukojoza maji, na potasiamu ikashuka hadi 2.9. Nilipoona muuguzi anaandaa dripu yenye kloridi ya potasiamu nilishika mkono wake. Hakukasirika. Alinionyesha kwamba ile ampuli kali haichomwi kamwe moja kwa moja kwenye mshipa, kwa kuwa ikichomwa hivyo moyo husimama. Huchanganywa katika chupa kubwa ya maji, hutikiswa vizuri isije ikatuama chini, na huingia taratibu, kwa kawaida si zaidi ya milimoli 10 kwa saa kupitia mshipa wa mkono. Kwa sababu ya figo zake, mama alipewa pungufu ya hapo na kupimwa tena baada ya saa chache. Alisema mkono unawaka moto, na muuguzi akapunguza mwendo. Niliuliza kwa nini ampuli hizo hazikai pamoja na nyingine, nikajibiwa kwamba zinafanana mno na ampuli za maji ya chumvi, na katika wodi ile huwekwa kabati la peke yake, lenye ufunguo.

Mama sasa anatimiza miaka 70. Ijumaa hupewa nusu ndizi, na huila polepole kuliko mtu ninayemfahamu. Kopo moja la Muscat tulilitupa usiku ule. La pili lipo maabara ya shule, limejaa robo tatu. Wanafunzi huchukua chembe kwa ncha ya waya na kuitia kwenye mwali, wakautazama kupitia kioo cha buluu kinachozuia unjano wa sodiamu, na zambarau hujitokeza. Kisha mimi huwaomba wasome uzito ulioandikwa kwenye kopo na wanikokotolee ni milimoli ngapi zimo katika nusu kijiko cha chai. Darasa la mwaka huu lilipata 40 ndani ya dakika mbili.